Kurasa 13 za Hermann Staudinger

Nina starehe moja ambayo wenzangu hawajawahi kuielewa: napenda kusoma orodha za machapisho ya wanasayansi waliokwisha kufa. Sisemi makala zenyewe, ingawa hizo nazo huzifikia nikipata nafasi. Nasema orodha tu: mwaka, kichwa cha makala, jarida, majina ya walioshirikiana. Wasifu ulioandikwa na wanafunzi wa marehemu humsafisha mtu akang'aa. Orodha haina huruma hiyo. Inaonyesha mwaka aliokaa kimya, mshirika aliyekuwa naye kila mahali kisha akatoweka ghafla, mada aliyoitelekeza katikati, na ile aliyoing'ang'ania hadi watu wakamchoka.

Orodha iliyonishika kuliko zote ni ya Hermann Staudinger, Mjerumani aliyezaliwa Worms mwaka 1881 na kufia Freiburg mwaka 1965. Ndiye aliyesimama na kusema kwamba mpira, pamba, wanga na plastiki ni molekuli ndefu kupita kiasi, minyororo ya atomi iliyoungana kwa bondi za kawaida kabisa. Leo mwanafunzi wa kidato cha sita analijibu swali hilo kwenye mtihani bila kutoka jasho. Mwaka 1920 jambo hilohilo liliweza kukuharibia jina mbele ya wakemia wenzako.

Ukipitisha kidole kwenye orodha hiyo utaukuta ufa, na ufa wenyewe ni mwaka huo wa 1920. Juu yake kuna kazi ya mkemia aliyefanikiwa kwa kila kipimo cha zama zake, mambo mengi, ya kila aina, yenye mvuto. Chini yake kuna jambo moja tu, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka 30 na zaidi. Alikuwa na umri wa miaka 39 ufa ulipotokea. Kwa muda mrefu niliamini, kama vitabu vinavyotufundisha, kwamba sehemu ya chini ndiyo Staudinger wa kweli na ile ya juu ni mazoezi tu. Siku hizi naona sehemu ya juu ilimlipa kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuitarajia.

Kijana Hermann alitaka kusoma botania. Baba yake, Franz, mwanafalsafa na mtu wa vyama vya ushirika, alimshauri ajifunze kemia kwanza ili mimea aje aielewe vizuri. Akatii, na botania haikumpata tena, ingawa mimea iliendelea kumfuata maabara: mpira, pareto, pilipili manga, kahawa, selulosi ya pamba. Tasnifu yake ya udaktari aliimaliza Halle mwaka 1903. Kisha akaenda Strasbourg, wakati huo ikiwa chini ya Ujerumani, kufanya kazi kwa Johannes Thiele.

Huko, mwaka 1905, alikuwa anajaribu kutengeneza kampaundi ambayo atomi yake ya kaboni imebaki na mkono mmoja mtupu. Akatia zinki, akatarajia hiyo, akapata kitu kingine kabisa: keteni, familia mpya ya kampaundi zenye hasira, zinazodaka karibu kila kinachopita mbele yao. Kwa mtafiti kijana hiyo ni bahati ya mtende kuota jangwani. Makala zikamiminika. Mwaka 1907 akawa profesa Karlsruhe akiwa na miaka 26, na mwaka huohuo akakutanisha keteni na kampaundi yenye naitrojeni, akapata pete ndogo ya pembe nne. Aliiandika, akaichapa, akaendelea na mengine. Mwaka 1912 akatoa kitabu kizima kuhusu keteni, na Zürich wakamwita kushika kiti cha Richard Willstätter katika chuo chao kikuu cha ufundi. Ile pete ya pembe nne naomba uikumbuke, tutaihitaji baadaye.

Karlsruhe ndiko mpira ulipoanza kumgusa. Karibu na 1910 bei ya mpira ilipanda ajabu kwa sababu ya matairi, na viwanda vya kemikali vya Ujerumani vilitaka kuupika kiwandani badala ya kuutegemea mti. Staudinger alifanya kazi ya isopreni, ile kampaundi ndogo inayopatikana mpira ukichomwa mahali pasipo na hewa, akaonyesha njia ya kuipata kutoka kwenye mafuta ya terpeni.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu bei hiyohiyo ilipita kwetu. Nimekulia Muheza. Wajerumani walipanda Tanga na Usambara mpira wa Ceara, mti wa jamii moja na muhogo, na kwa miaka michache mashamba hayo yalishindana na katani. Mwaka 1913 mpira wa Malaya na Ceylon ulifurika sokoni, bei ikaanguka, wenye mashamba wakaiacha miti isimame. Kilichobaki kwetu ni mboga. Kisamvu cha mpira, kilichotwangwa vizuri na kuungwa kwa nazi, nakipenda kuliko kisamvu cha muhogo wenyewe, na nimekula majani hayo miaka mingi kabla ya kujiuliza jina lake limetoka wapi. Miti hiyo ilikuja kufaa tena miaka ya 1930, pale watafiti wa kituo cha kilimo cha Amani, Usambara, walipoipandisha na muhogo ili kupata mbegu inayostahimili magonjwa.

Na Kongo ya Leopold wa Pili ilikuwa imeshapita kwenye jambo baya zaidi. Watu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mipira ya porini, wakapigwa, wakauawa, wakakatwa mikono. Huwa nashindwa kulipita jambo hili ninapofundisha polima, yaani molekuli hizo ndefu: watu walikatwa mikono kwa ajili ya kitu ambacho hapakuwa na mtu duniani, si mkulima wala profesa, aliyeweza kueleza kimeundwa namna gani.

Zürich ilimpa Staudinger nafasi ya kugusa kila kitu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, Ujerumani ikakosa pilipili manga na kahawa, naye akaingia kwenye pilipili ya kutengeneza na harufu ya kahawa. Kazi ya kahawa iliendelea baada ya vita pamoja na mwanafunzi wake Tadeus Reichstein, wakaikamata miongoni mwa mengine kampaundi moja yenye salfa ambayo tone lake dogo sana linatosha kunukia kahawa iliyokaangwa. Mwaka 1919, akiwa na Jules Meyer, alichapa mmenyuko kati ya azidi, kampaundi za naitrojeni, na fosfini, kampaundi za fosforasi. Huo nao ukapata jina lake na kukaa vitabuni, ukitumiwa na wachache.

Halafu kuna pareto. Akiwa na Leopold Ruzicka, aliyemfuata kutoka Karlsruhe, alitaka kujua ni nini ndani ya maua yale meupe ya Dalmatia kinachoua wadudu na kumwacha binadamu salama. Kazi ilichukua miaka mingi, na ilipochapwa mwaka 1924 katika Helvetica Chimica Acta ilitoka kwa mkupuo, makala kumi zenye namba. Waligundua kwamba sumu ni esta mbili, yaani kampaundi za asidi iliyoungana na alkoholi, pirethrini ya kwanza na ya pili, na kwamba upande wa asidi umebeba pete ya kaboni tatu, umbo lisilo la kawaida kwenye mimea. Upande wa alkoholi hawakuupatia sawasawa, Wamarekani wakausahihisha baadaye. Wakati ule maua hayo yalikuwa ya Dalmatia na Japani. Kenya ilianza kuyapanda mwishoni mwa miaka ya 1920, na baada ya Vita ya Pili ikawa ndiyo inayoilisha dunia. Kwetu yakashika nyanda za juu kusini, na kiwanda kikakaa Mafinga. Wakulima wanaoyachuma Molo na Mufindi hawajui kwamba kuna Mjerumani aliyeyachambua maua yao kabla hayajafika, wala sioni sababu ya kuwalaumu.

Katikati ya haya yote kuna chapisho moja ambalo si la kemia. Mwaka 1917 aliandika katika gazeti la wapenda amani kuhusu ufundi na vita. Alilinganisha nguvu za viwanda za pande mbili, hasa baada ya Marekani kuingia, akahitimisha kwamba Ujerumani haiwezi kushinda. Mwaka 1919 akaandika tena, safari hii katika jarida la Msalaba Mwekundu, kuhusu gesi za sumu na vita vitakavyokuja. Fritz Haber, aliyekuwa mwenzake Karlsruhe na ndiye baba wa vita vya gesi, alimjia juu na kumshutumu kwamba ameichoma kisu nchi yake wakati wa shida. Makala hizo mbili zilikuja kumgharimu kuliko hoja yoyote ya kisayansi.

Sasa tufike kwenye zile kurasa 13.

Mwaka 1920 jarida la Chama cha Wakemia wa Ujerumani, Berichte, lilichapa makala yake "Über Polymerisation" (Kuhusu upolimishaji), ukurasa wa 1073 hadi 1085. Ukiifungua ukitarajia majaribio ya kushangaza utavunjika moyo. Majaribio mapya ni machache, karibu yote ni hoja. Ili uone uzito wake lazima ujue watu waliamini nini. Mpira, wanga, selulosi na protini vilikuwa vinawatesa wakemia: havichemki kwa mpangilio, vikiyeyuka vinakuwa ute, havikai kwenye fuwele nzuri, na ukipima uzito wa molekuli unapata namba kubwa ambazo hakuna aliyeziamini. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba hizi ni molekuli ndogo zilizokumbatiana kwa nguvu dhaifu. Kwa upande wa mpira, Carl Harries alifundisha kwamba ni pete ndogo za isopreni mbilimbili, zinazoshikana kwa mabaki ya nguvu yaliyopo kwenye bondi zake pacha. Wazo la mabaki ya nguvu lilitoka kwa Thiele, mwalimu wa Staudinger wa Strasbourg.

Staudinger alisema hapana. Akachukua mifano mitatu, polistirini, polima ya formaldehaidi na mpira, akadai kwamba hakuna haja ya kubuni nguvu za ajabu. Bondi ni zilezile za kawaida, zimeungana moja baada ya nyingine hadi molekuli ikawa ndefu sana. Basi.

Hoja peke yake haimshindi mtu, na yeye alijua. Mwaka 1922, na Jakob Fritschi, alifanya jaribio ninaloliona zuri kuliko yote katika maisha yake, kwa sababu lilimpa mpinzani nafasi ya haki ya kushinda. Kama Harries yuko sahihi, kinachoshikilia pete za mpira pamoja ni bondi pacha. Ziondoe kwa kujaza haidrojeni, na mpira unapaswa kusambaratika na kuwa kimiminika chepesi unachoweza kukikeneka, yaani kukichemsha na kuukusanya mvuke wake. Wakajaza haidrojeni. Mpira haukusambaratika. Haukukeneka. Ulibaki uleule, wenye ute na mnato wa koloidi. Katika makala hiyo ndipo alipoanza kutumia neno makromolekuli, yaani molekuli kubwa.

Ungedhani mjadala uliishia hapo. Ulikuwa ndio unaanza. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama ya mwerevu mmoja na wajinga wengi, nami sikubaliani na usimulizi huo. Waliompinga walikuwa na sababu. Emil Fischer, bingwa wa kizazi kilichotangulia, alikuwa ametengeneza molekuli yenye uzito wa 4,021 (atomi ya haidrojeni ikihesabiwa 1) na hiyo ikaonekana ndiyo dari ya dunia. Picha za eksirei zilionyesha kwamba kisehemu kinachojirudia ndani ya selulosi ni kidogo, na wataalamu wa fuwele waliamini molekuli haiwezi kuwa kubwa kuliko kisehemu hicho. Lakini sababu ya ndani, kwa maoni yangu, ilikuwa usafi. Mkemia wa wakati ule alifunzwa tangu ujana kwamba dutu safi ina fomula moja, uzito mmoja na nyuzi moja za kuyeyukia. Staudinger alikuwa anawaambia kuna dutu ambazo hata zikiwa safi kabisa zina minyororo ya urefu mbalimbali, na uzito wake ni wastani tu. Alikuwa anawanyang'anya kipimo walichokitumia kujitofautisha na wapika sabuni. Wakaiita kazi yake kemia ya grisi, na hawakutania.

Heinrich Wieland, mtu mwenye akili nyingi na moyo mwema, alimwandikia kirafiki aachane na molekuli kubwa, kwamba katika kemia ya kaboni hakuna molekuli yenye uzito zaidi ya 5,000, na kwamba akiusafisha mpira wake vizuri utafanya fuwele na kujionyesha ulivyo mdogo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1925, katika mhadhara wake Zürich, wakubwa wa taaluma walisimama mmoja mmoja kumpinga, hadi akamalizia na maneno ya Luther kwamba hapa nimesimama na siwezi vinginevyo. Mwaka uliofuata alihamia Freiburg, kwenye kiti kilichoachwa na Wieland huyohuyo.

Septemba 1926 wanasayansi wa Ujerumani walikutana Düsseldorf, na kikao kizima kikatengwa kwa ugomvi huu. Waliozungumza kutetea molekuli ndogo walikuwa wengi. Staudinger alikuwa peke yake, akiwa na namba zake. Hermann Mark, kijana wa eksirei kutoka Berlin, hakumuunga mkono waziwazi, ila alikiri jambo moja la maana: udogo wa kisehemu kwenye fuwele haukatazi molekuli kupita kutoka kisehemu kimoja hadi kingine. Kwa hilo tu hoja kubwa ya wapinzani ilipasuka.

Kutoka hapo orodha inabadilika sura. Vichwa vya makala vinajirudia kiasi cha kuchosha: kuhusu kampaundi za polima kubwa, taarifa ya namba fulani, na namba zinapita mia. Kamati yoyote ya kupandisha vyeo katika vyuo vyetu leo ingemwita aeleze kwa nini anakatakata kazi moja kuwa makala nyingi. Lakini zisome kwa kufuatana uone anachofanya. Anachukua formaldehaidi, anatengeneza mfululizo wa minyororo kuanzia mifupi inayofanya fuwele kwa adabu hadi mirefu isiyoyeyuka, na kuonyesha kwamba hakuna mahali ambapo asili ya kitu inageuka ghafla. Anachukua selulosi, anaigeuza kuwa asetati, kisha anairudisha selulosi, na mnyororo unabaki na urefu uleule. Kama zingekuwa molekuli ndogo zilizokumbatiana, kila badiliko la kemikali lingeuvuruga ule mkumbatio. Anarudia hivyo na polistirini, kisha na wanga. Ni kazi ya kuchosha, ya wanafunzi wengi wa udaktari wasiojulikana leo, na ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1932 aliikusanya katika kitabu kikubwa kuhusu mpira na selulosi, na baada ya hapo wapinzani wa kweli walibaki wachache.

Marekani nako Wallace Carothers alikuwa amefika kwa njia nyingine. Alianza katika kampuni ya kemikali ya DuPont mwaka 1928, akajenga minyororo hatua kwa hatua kwa menyuko zinazojulikana, ili asiweze mtu kubisha kilichomo ndani. Nailoni ikatoka mwaka 1935. Miaka miwili baadaye alijiua. Orodha yake ni fupi, na karibu kila mstari ni dhahabu.

Ushupavu wa Staudinger ulikuwa na upande wa pili. Alihitaji njia rahisi ya kupima urefu wa minyororo, akaipata kwenye mnato: kadiri mnyororo ulivyo mrefu, ndivyo mchanganyiko wake unavyokuwa mzito kumiminika. Mwaka 1930 alitoa kanuni kwamba mnato unakua sawia na uzito wa molekuli. Ni wazo zuri, na kifaa chake ni mrija wa kioo na saa tu. Tatizo ni picha aliyokuwa nayo kichwani. Aliamini molekuli zake zimenyooka na kukakamaa kama tambi zilizo bado kwenye pakiti. Werner Kuhn alionyesha mwaka 1934 kwamba ndani ya kimiminika zinajikunja ovyo, kama tambi hizohizo zikishaiva. Kanuni ikasahihishwa: uzito wa molekuli ukapewa kipeo kinachobadilika kulingana na polima na kiyeyushi, na majina yanayobebwa na kanuni hiyo sasa ni ya Mark na Houwink. Staudinger aliing'ang'ania ya kwake. Na Mark na mwenzake Kurt Meyer waligombana naye miaka mingi juu ya nani alisema nini kwanza, ugomvi ambao ukiusoma sasa unaona aibu kwa niaba yao. Aliyeshupaa dhidi ya dunia nzima akawa sahihi si rahisi kumwambia kwamba safari hii amekosea.

Mwaka 1933 mwanafalsafa Martin Heidegger alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg. Alimchongea Staudinger kwa wakuu wa Nazi, akichimbua maandishi yale ya wakati wa vita, na Gestapo wakafungua uchunguzi. Februari 1934 Heidegger alipendekeza afukuzwe. Staudinger alilazimishwa kusaini barua ya kujiuzulu iliyowekwa akiba, itumike akikosea tena, kabla ya kuachwa aendelee. Namwona ameumizwa, lakini orodha ya miaka hiyo inaonyesha pia mtu aliyechagua kuinamisha kichwa na kupima mnato.

Majina ya washirika wake nayo yanastahili kutazamwa. Tangu walipooana, mke wake wa pili, Magda Woit, raia wa Latvia na mtaalamu wa mimea, alifanya naye kazi kwa miongo, na ndiye aliyemvuta kuelekea biolojia. Elfriede Husemann alichapa mwaka 1940, pamoja na Helmut Ruska, picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha molekuli za glikojeni, wanga wa mwilini mwa wanyama, zikiwa mojamoja, vidonge vya mviringo. Miaka 20 ya kubishana, na sasa kitu kikaonekana kwa jicho. Husemann alikuja kuiongoza taasisi ya Freiburg baadaye. Taasisi hiyo iliteketea kwa mabomu ya Waingereza Novemba 1944. Mzee akaanza upya, na mwaka 1947 akazindua jarida Die Makromolekulare Chemie, mwaka huohuo akatoa kitabu cha kuunganisha makromolekuli na biolojia. Alistaafu 1951. Tuzo ya Nobel ilimfikia 1953, ana miaka 72, mwaka uleule Watson na Crick walipotangaza umbo la DNA, ambayo ni makromolekuli kama aliyokuwa akiihubiri.

Kwa kawaida hadithi humalizwa Stockholm. Mimi narudi juu ya ufa.

Ile pete ya pembe nne ya 1907 ilikaa kwenye majarida kama kitu cha kuchezea hadi Dorothy Hodgkin alipothibitisha kwa eksirei, mwaka 1945, kwamba moyo wa penisilini ni pete ya namna hiyohiyo. Njia ya keteni bado inatumika kuzitengeneza. Mmenyuko wa 1919 na Meyer ulilala miaka 80, kisha mwaka 2000 Carolyn Bertozzi akaugeuza kidogo ili uweze kufanyika juu ya seli hai bila kuziumiza, na kazi hiyo ni sehemu ya safari iliyompa Nobel mwaka 2022. Staudinger angeulizwa uzeeni achague makala tatu za kuokolewa motoni, sidhani hizo zingekuwemo.

Na kuna chandarua. Tangu 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kimetengeneza neti za Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Uzi wake ni polithini, mnyororo mrefu wa kaboni usio na siri yoyote, hasa ule uliokuwa unakataliwa Düsseldorf. Ndani ya uzi huo imechanganywa permethrini, asilimia 2 ya uzito, nayo husogea polepole kutoka ndani hadi juu ya uzi kila ile ya juu inapofuliwa. Permethrini ilibuniwa Uingereza miaka ya 1970 kwa kuiga pirethrini za pareto, na imeibakiza pete ile ya kaboni tatu ambayo Staudinger na Ruzicka waliiona kwanza. Mbu wa siku hizi wameanza kuizoea, ndiyo maana neti mpya huongezewa dawa nyingine. Lakini sijui kitu kingine cha dukani kilichoshonwa kutoka pande zote mbili za orodha ya mtu mmoja, na kikashonwa Arusha.

Kama umepata hamu, usianze na zile kurasa 13, ni kavu. Anza na hotuba yake ya Nobel ya Desemba 1953, inapatikana bure na inaeleweka. Kumbukumbu zake alizozitoa 1961 zisubiri kidogo, maana humo barua ya Wieland bado imehifadhiwa na wapinzani bado wanahesabiwa.